Kinyozi Aliyekatazwa Kusifu

4 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pekee,

Pokea salamu za kinyozi. Huku wazima. Vichwa vinaota nywele kama kawaida, na maadamu nywele zinaota sisi hatulali njaa. Mke wangu anakusalimu, goti lake limepoa. Mama yako anagombana na jirani kuhusu ukuta, kwa hiyo ujue ana afya. Mimi nimenunua kioo kipya, mteja anajiona kuanzia utosini mpaka viatu. Kile cha zamani kilikuwa kinaonyesha nusu uso, na waliopewa nusu mbaya hawakurudi.

Nakuandikia kwa kuwa simu yangu hupokei. Mama yako anasema umechukia kwamba nikikupigia naweka sauti kubwa ili duka zima lisikie. Sasa mwanangu, nifanyeje? Mtu ana mpwa anayeongoza shirika la Kikristo, anayesalimiana na maaskofu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika mguu wa mtoto, halafu amsikilize peke yake sikioni kama anayepanga wizi? Sauti yako ni mali ya ukoo.

Habari zako nazitangaza vizuri. Mtu akikaa kwenye kiti, kabla sijamfunga shuka namwuliza kama anajua mkubwa wa Nyumba ya Miguu ni nani, pale wanapopelekwa watoto waliozaliwa nyayo zimepinda. Akisema hajui, namnyoa polepole mpaka ajue. Juzi niliwasimulia yule mtoto aliyeletwa kwako nyayo zinatazamana kama watu wawili wanaosengenya. Ukaushika mguu, ukafumba macho, ukaomba, na mguu ukalainika mkononi mwako kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ukanyooka hapo hapo. Muuza mkaa mmoja aliyekuwa kwenye kiti akatokwa machozi, nusura nimkate sikio. Kumbe naye ana mtoto wa namna hiyo. Nikamwambia aende kwako asikawie, aseme katumwa na mimi.

Ila kuna jambo uniweke sawa. Tangu yule Mama Mwanzilishi astaafu, wewe unaitwa kaimu. Kaimu ndiyo nini? Mimi niliishia darasa la tano, si kwa kushindwa, mwalimu aliona nimeshajua ya kunitosha. Hapa dukani hilo neno nimelifuta, nasema mkurugenzi. Wanakuapisha lini? Nataka nishone suti.

Mjomba wako,
kinyozi wa vichwa vyote


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Na mkaza mjomba mpe shikamoo yake, umwambie nimefurahi goti limetulia, ila ngazi asipande bado. Hongera ya kioo. Kwetu hapa Mungu ametutunza. Paa la wodi ya akina mama limezibwa, sasa mvua inanyesha nje peke yake. Mimi mzima, nimechoka uchovu wa kawaida.

Sasa unisikilize, na usiisome barua hii mbele ya mteja.

Muuza mkaa wako alifika. Alikuwa amembeba mtoto kifuani, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akakaa kwenye benchi na wengine, akangoja bila kunung'unika. Zamu yake ilipofika nikaufungua mguu, naye akavua kofia akafumba macho. Niliushika taratibu, kama tunavyofanya, kusikiliza mfupa unakubali kusogea wapi. Kisha nikaomba plasta, ile bandeji ya chokaa inayoloweshwa ikaganda mguuni. Aliposikia neno plasta akafumbua macho, akauliza ya nini. Nikamweleza: plasta leo, nyingine wiki ijayo, na nyingine, na nyingine, kisha mkato mdogo nyuma ya kisigino, kisha viatu vyenye chuma katikati, ambavyo baadaye atakuwa analala navyo mpaka awe mtoto mkubwa.

Akasema, "Kinyozi alisema unashika tu."

Nikamwambia hakuna mtoto niliyemshika tu. Akanitazama kwa uchungu, Mjomba, si kwa hasira. Akauliza kama watoto wa wengine nawashika wananyooka, mwanawe nina kinyongo naye gani? Akamfunga tena kifuani, akatoka. Nilimkimbilia mpaka getini, plasta inanikaukia mikononi. Gari likaondoka naye.

Si wa kwanza kutoka kwenye kiti chako. Kuna mama aliyekata plasta kwa kisu cha jikoni kwa sababu huko kwenu aliambiwa maombi yangu yanatosha.

Mimi naomba kila asubuhi kabla ya kulowesha bandeji. Naamini anayeponya ni Mungu. Lakini hapa ameamua kuponyea kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, wiki baada ya wiki, na mimi sina uwezo wa kumharakisha. Mguu wa mtoto yule bado laini. Ukikomaa, kazi ya plasta itageuka kazi ya kisu kikubwa.

Kwa hiyo nakuomba, na kama kuomba hakutoshi nakuamuru: usinitaje dukani. Kwa zuri wala kwa baya. Wala usiseme kwamba nimekukataza, kwa sababu nakujua, hilo nalo utalifanya hadithi. Mpaka nikuandikie.

Ya ukaimu tuyaache kwanza.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zetu ni nyingi lakini leo zinatembea kwa adabu. Mke wangu hajambo, kapanda ngazi. Mama yako kashinda ule ugomvi wa ukuta, sasa anatafuta ugomvi mwingine.

Barua yako nimeisoma nyuma ya duka nimekaa kwenye ndoo. Nilipofika kwenye neno nakuamuru nikasimama, nikakaa tena. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyeniamuru mimi. Mke wangu hujaribu, lakini yeye hupendekeza kwa sauti kubwa tu. Baadaye nikacheka peke yangu, nikamwambia mke wangu kwamba huyu ni bibi yake mtupu, jicho na ulimi.

Nimetii. Mdomo nimeupiga kufuli na ufunguo nimeuteremsha na chai. Sasa nazungumza mvua, mpira, na bei ya spiriti. Mteja mmoja kaniuliza kama naumwa jino.

Muuza mkaa nilimwendea. Aliniona nikivuka barabara akageuka kupanga magunia yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Sasa ananyolewa kwa yule kijana wa duka la ng'ambo, anayenyoa kama anachimba viazi. Hiyo peke yake ni adhabu kwangu.

Hukunijibu lini wanakuapisha. Kitambaa cha suti nimeshakishika kwa mkono.

Mjomba wako,
bubu


20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Unisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa kwenye safari za vijijini, barabara zimeharibika, tukarudi tumevaa tope kuliko nguo. Watoto wanaendelea vizuri. Nimepata barua ya mama, kurasa mbili za ukuta.

Asante kwa kimya chako. Najua si kitu kidogo kwako.

Mzee Kengele bado ananyolewa hapo? Msalimie kama mzee wa kanisa, basi. Yumo kwenye baraza letu la shirika, sitaki aonekane anabebeshwa maneno na ndugu zangu. Kuhusu swali lako, kaimu ni mtu aliyekalia kiti huku wengine wakijadili kama kinamfaa. Nisikuchoshe na mengine.

Muuza mkaa umemwona tena?

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Nikusalimu. Mke wangu mzima, kioo kizima. Mama yako analia, lakini usishtuke, soma kwa mpangilio.

Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Sasa sikia kimya kimezaa nini.

Mwanzoni watu waliuliza tu, mpwa wako vipi? Nikasema yupo. Wakauliza yupo wapi? Nikasema kazini. Mtu aliyezoea kunywea kwangu bakuli zima, nikampa kijiko. Basi wakaanza kutazamana kwenye kile kioo kipya. Nakijutia, ni kikubwa mno, watu watatu wanaweza kusengenya kwa macho bila kugeuza shingo. Fundi saa akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshona viatu akasema lisemwalo lipo. Nikamwuliza limesemwa nini, na nani? Akasema hakuna aliyesema kitu, na hapo ndipo penye jambo.

Haukupita muda wewe ukawa umefukuzwa kazi, umeolewa na mganga, umetumbukiza gari la shirika mtoni na umebadili dini, yote kwa safari moja na gari lile lile. Mimi niko pale nashika wembe, nasikia mtu anaongeza chumvi kwenye jina lako vibaya kabisa, uongo usio na mpangilio, nami siruhusiwi hata kumsahihisha namna ya kusimulia.

Akina mama wa kanisa wakaja nyumbani wamevaa nyuso za msiba. Wakaimba, wakamwombea binti yetu aliyeteleza. Mke wangu kawapikia chai hajui analilia nani. Mama yako akaja mbio, mguu mmoja kiatu chake, wa pili cha jirani, akaniuliza namficha nini. Nikasema sifichi kitu. Akasema, "Wewe? Wewe ambaye mwanangu alipofunzwa kuogelea ulitangaza kwamba kavuka bahari?" Nikanyamaza. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Na Mzee Kengele naye kaja. Sauti yake unaijua, akinong'ona humu, ng'ambo ya barabara wanaitikia amina. Nikamsalimia kama ulivyoagiza, kama mzee wa kanisa, basi. Nikamnyoa upande wa kulia wote bila kumtaja mtu. Akageuka wembe uko shingoni, akaniuliza kuna nini kwa yule binti. Nikasema hakuna. Akanitazama kwenye kioo, akasema pole. Akaondoka upande wa kushoto sijaumaliza.

Ulimi umenivimba, mwanangu. Lakini sijasema neno. Nataka ulijue hilo.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Mwambie mama sijafukuzwa, sijaolewa na mganga, na gari liko hapa dirishani linaoshwa. Mkaza mjomba nimwombe radhi kwa chai yote ile.

Sasa nikuambie nililokuwa nakataa kuliandika. Baraza linachagua mkurugenzi. Majina ni mawili, langu na la mchungaji mmoja wa makao makuu, mtu mwema kabisa, anaandika taarifa ambazo wafadhili wanazisoma mpaka mwisho. Sikukwambia kwa sababu ungesimama barabarani ukanipigia kampeni. Kikao kilikuwa mwanzo wa mwezi huu. Wengi walikuwa upande wangu. Ndipo Mzee Kengele akasimama akasema ananipenda kama binti yake, ila kuna jambo linamsumbua. Mjomba wake, akasema, ambaye huyu binti akipiga chafya yeye husema mvua imenyesha, sasa hamtaji kabisa. Ndugu akinyamaza hivyo, ameona kitu. Wakaahirisha mpaka mwisho wa Juni.

Miaka yote nimemwomba Mungu akupe kimya, Mjomba. Amenipa, na kwa wakati alioupanga mwenyewe.

Basi fungua mdomo. Ila sharti moja: useme yaliyo. Na kwa kuwa hujawahi kuniuliza, kila nikianza ulikuwa umeshamaliza hadithi, nakupa yaliyo, uwe nayo.

Nilianza kama mfagizi wa chumba cha plasta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ndoo. Maji ya plasta huyamwagi kwenye bomba la sinki, yanaganda kama jiwe, na mimi siku ya kwanza niliyamwaga, hospitali nzima ikakosa pa kunawa. Mama Mwanzilishi hakunifukuza. Alinipa mtoto nimshike goti wakati yeye anafunga bandeji, ili angalau niwe mbali na bomba. Mtoto akanyamaza. Akanipa mwingine. Ndivyo nilivyojifunza, kabla ya shule ya uuguzi, nikiwa nanuka chokaa.

Niliporudi na cheti nikaona akina mama wa mbali wanaleta mtoto mara mbili, kisha wanapotea. Si wavivu. Nani ataacha nyumba na shamba kila wiki kwa ajili ya mguu ambao bado hauonyeshi tofauti? Tulikuwa na nyumba nzuri ya wageni, mapazia, vitanda vipana, inangoja wafadhili wanaokuja mara moja kwa mwaka. Nikaliomba baraza tuwalaze akina mama humo. Wakakataa. Nikaomba tena. Wakakataa kwa upole zaidi. Mara ya tatu nikawaalika wafanye kikao chao asubuhi kwenye ukumbi wa benchi, katikati ya akina mama waliolala sakafuni. Wakapiga kura kabla ya chai. Ndiyo wodi ile niliyokuandikia habari za paa.

Na wasioweza kuja, tunawafuata. Ibada ikiisha, benchi za kanisa zinageuzwa meza, na plasta inafungwa pale pale palipokuwa na vitabu vya nyimbo.

Ni hayo. Hayana jani la mgomba. Usimfuate Mzee Kengele nyumbani kwake. Nyoa tu, kama kawaida yako.

Mpwa wako,
kaimu


22 Juni

Mpwa wangu,

Salamu nitaziandika mwisho, mkono unawasha.

Barua yako niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Kusema yaliyo ni kazi, mwanangu. Ni kama kunyoa kwa mkono wa kushoto, kila mara unataka kurudi kulia. Nimefanya mazoezi kwa mke wangu. Nikifika kwenye bomba lililoziba nikataka bomba lipasuke, maji yafurike, mgonjwa aelee na kitanda. Akanitazama tu. Nikalirudisha bomba.

Jana Mzee Kengele akaja kumalizia nywele za safari ya kikao. Sikungoja akae vizuri. Nikamwambia, Mzee, nina habari za mpwa wangu, na leo hazina chumvi, kwa hiyo uvumilie ladha. Nikaanza na ndoo. Nikaja kwenye goti. Nikaja kwenye nyumba ya wageni, ingawa hiyo aliijua kuliko mimi. Alikuwa mmoja wa waliokanyaga kati ya wale akina mama, na hapo alitazama mikono yake. Nikaja kwenye plasta.

Sasa sauti yake unaijua. Mimi nasema kwa sauti ya mtu, yeye anauliza kwa sauti ya mnara. "WIKI BAADA YA WIKI?" Nikasema ndiyo, Mzee. "KILA MTOTO?" Nikasema kila mtoto. "HAKUNA ALIYESHIKWA TU AKAPONA?" Nikasema hakuna hata mmoja, wala hatakuwepo.

Hapo ng'ambo ya barabara kiti kikaanguka. Nikamwona muuza mkaa anavuka, nusu ya kichwa ina nywele, nusu haina, shuka la yule kijana bado liko shingoni linapepea, na kijana mwenyewe nyuma yake ameshika mashine. Akasimama mlangoni mwangu.

"Kwa hiyo hakuwa na kinyongo na mwanangu?"

"Hakuwa nacho."

"Hata wa askofu angepigwa plasta?"

"Angepigwa. Na angengoja kwenye benchi."

"Mbona wewe ulisema anashika tu?"

Duka zima likanigeukia, wote wamo kwenye kioo. Nikamwambia, "Anashika kweli. Nilisahau kusema anashika kwa muda gani."

Hakucheka. Nikamwekea kiti cha pili, nikamkumbusha yule kipofu wa zamani aliyepakwa tope la mate machoni. Aliyempaka angeweza kusema tu, fumbua. Lakini alimpaka tope, akamtuma akanawe, na kipofu akaenda, hajaona kitu bado, tope linamchuruzika, watu wanamcheka njiani. Wewe rafiki yangu, nikamwambia, ulifika mpaka kwenye tope, ukakataa kwenda kunawa. Mzee Kengele akasema amina, vioo vikatetemeka. Muuza mkaa akakaa kwenye kile kiti. Nikammalizia ile nusu ya kichwa. Alipoondoka aliniuliza siku gani magari yanakwenda kwenu.

Ndipo Mzee Kengele akaniuliza kwa nini basi nilinyamaza. Nikasema nilikatazwa. Akasema si ningesema nimekatazwa, tukaokoa kikao kizima? Nikamwambia, "Nilikatazwa hata kusema nimekatazwa."

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu barua ya Februari. Akakaa akihesabu kimoyomoyo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kiti kikazunguka na yeye juu yake, mimi namfuata na wembe. Akaondoka bado anacheka. Namsikia mpaka kona.

Sijui amecheka nini. Kama nimekuharibia, sema ukweli, nimeshauzoea. Suti sijashona, naogopa kuikosea bahati.

Mke wangu anakusalimu. Mama yako kamrudishia jirani kiatu.

Mjomba wako


9 Julai

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo, tena shikamoo.

Nianze na wazima: mimi mzima, nyumba nzima nzima, watoto wanalia kama inavyotakiwa.

Kashone suti.

Nikusimulie kama ilivyokuwa, siongezi. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akauliza kama yale yaliyomsumbua Mzee Kengele yamepata jibu. Mzee akasimama. Nilikuwa nimekaa pembeni, mikono chini ya meza, naikandamiza moja juu ya nyingine kama nashika mguu wa mtu.

Akasema, "Ndugu zangu, huyu kinyozi namjua tangu ananyoa kwa mkasi wa mama yake. Mkewe ameshindwa kumnyamazisha. Mchungaji wetu ameshindwa, na alijaribu kwa mahubiri. Binti huyu yuko mbali, hana fimbo, kamwandikia barua moja, na yule mtu kafunga mdomo miezi mitatu, akatukanwa ukoo wake mbele yake, asitamke. Kama mnamjua mwingine mwenye uwezo wa kuongoza watu namna hiyo, mtajeni. Mimi nakaa."

Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Wa kwanza kunyoosha mkono upande wangu alikuwa yule mchungaji wa makao makuu. Alisema naye ana mjomba.

Hivyo nilichaguliwa, Mjomba. Si kwa wodi, si kwa vyeti. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya gunia la plasta, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kwenye benchi maana foleni ilikuwa bado.

Na kwenye foleni hiyo alikuwapo muuza mkaa, na kichwa kilichonyolewa vizuri, nikajua mkono wa nani. Mtoto amewekwa plasta ya kwanza. Baba yake alishika goti mwenyewe. Mama mtoto amepata kitanda chumba cha mapazia. Wamechelewa, ila hawajachelewa sana.

Sasa nakupa zawadi. Kwenye habari zangu nakuruhusu uongeze jambo moja. Moja tu, na lisiwe la mguu. Chagua vizuri.

Mpwa wako,
mkurugenzi (niliandika mwenyewe, nikalitazama)


2 Oktoba

Mkurugenzi, mtoto wa dada yangu, mpwa wa kinyozi,

Huku neema tupu. Mke wangu anatembea kama msichana. Mama yako na jirani sasa ni marafiki, wanamsema mtu wa nyumba ya tatu. Suti ninayo, naivaa Jumapili na siku nyingine yoyote ninayoweza kuipatia sababu.

Kuhusu lile jambo moja la kuongeza, nimelifikiri sana. Nilitaka ndege. Nikataka uwe umehutubia marais. Kila nikichagua, naliona dogo. Basi sijaongeza. Nawapa yaliyo, plasta moja kila wiki, na watu wanarudi kujua ya wiki hii imekuwaje, hata wasio na nywele. Hadithi zangu za zamani zilikwisha kabla ndevu hazijaisha. Hii yako inamaliza kichwa na kubaki.

Kuna mahali pamoja tu wanaponikatalia. Nikifika pale ulipoandika nakuamuru, nami nikanyamaza miezi mitatu, fundi saa anasema hapo Mjomba umeongeza chumvi. Wenyewe walikuwepo, na hawaamini.

Jana muuza mkaa amekuja na mwanawe kunyolewa. Alivivua vile viatu vyenye chuma katikati, akasema umemruhusu saa ya kuoga na saa ya kwangu. Akampakata kwenye kiti. Nikamfunga mtoto shuka, likawa refu, nikalikunja mpaka magotini, na miguu ikatokea chini.

Uliniuliza zamani kioo kikubwa hivyo cha nini. La, niseme yaliyo: hukuniuliza wewe, aliniuliza mke wangu. Nyayo mbili, mwanangu. Zote mbili zimetazama mbele, zinajiangalia kwenye kioo, kidole kwa kidole. Duka lilikuwa limejaa, fundi saa, mshona viatu, Mzee Kengele anangoja zamu. Wote wakanitazama, wanajua sasa nitaanza.

Nikashika wembe, nikanyamaza. Safari hii hakuna aliyenikataza.

Mjomba wako